Vifungo Kwanza, Mkasi Baadaye: Jinsi ya Kujenga Jumuiya ya Watafiti wa Doktora katika Ufundishaji wa Lugha

Sheria ya msingi ya elimu ya taifa, namba 14/004 ya tarehe 11 Februari 2014, inasema kwamba lugha za taifa, au lugha za mazingira, hutumika shuleni kama chombo cha kufundishia na kujifunzia, na tena kama somo. Sentensi ni fupi, lakini kazi iliyomo ni ya miaka mingi. Kwetu sisi tunaosoma lugha za Kiafrika katika kitivo hiki, kazi hiyo inakuja kwa sura ya swali moja gumu: mtoto wa darasa la kwanza katika komini ya Katuba au Ruashi afundishwe kusoma kwa Kiswahili gani, kwa njia gani, na kwa muda gani kabla ya kuhamia Kifaransa?

Swali la namna hiyo halijibiwi na waziri wala na mchapishaji wa vitabu. Linajibiwa na utafiti, na utafiti mrefu kwa kawaida ndio kazi ya doktora. Basi tukitaka jibu, ni lazima tuangalie namna doktora inavyofanyika kwetu. Katika makala hii nataka kueleza kitu kinachoitwa jumuiya ya watafiti: maana yake, kwa nini swali la lugha shuleni haliwezi kujibiwa bila hiyo, na inajengwa kwa vitu gani. Sizungumzi juu ya jengo, wala juu ya fedha za wafadhili, wala juu ya kongamano lenye fulana na mabango. Hayo yakija, tutayapokea. Lakini yamekuja mara nyingi mahali pengi na kuondoka bila kuacha jumuiya nyuma yake.

Tuanze na swali lenyewe, maana bila kulielewa hatutaona kwa nini mtu mmoja halimudu.

Mtoto wa Lubumbashi husema: “Batoto banaenda ku masomo.” Kitabu chake kinasema: “Watoto wanakwenda shuleni.” Kwa masikio ya mpita njia, tofauti ni ndogo. Kwa mwanaisimu, ndani ya maneno machache hayo mna mambo manne. Kiambishi cha ngeli ni ba- badala ya wa-, katika nomino na katika kitenzi. Kitenzi ni banaenda, bila ile -kw- ya wanakwenda. Mahali panatajwa kwa neno ku lililosimama peke yake mbele ya nomino, wakati kitabu kinatumia -ni mwishoni. Na neno lenyewe ni jingine: masomo kwetu ni mahali, pale pa kwenda asubuhi, katika kitabu masomo ni yale yanayofundishwa. Ongeza “kitabu yangu” mbele ya “kitabu changu”, “niko na falanga” mbele ya “nina fedha”, bukari mbele ya ugali, na utaona kwamba mtoto huyu akifungua kitabu cha Kiswahili hakutani na lugha ya kigeni, lakini hakutani na lugha ya nyumbani kwao pia. Anakutana na kitu cha katikati ambacho hakuna aliyemwambia kwamba kipo.

Sasa mtoto anasoma kwa sauti. Kwenye ukurasa pameandikwa watoto, naye anasema batoto. Je, amekosea kusoma? Mwalimu wengi watamkata alama. Lakini tazama alichofanya: ameona herufi, amezitambua, amepata maana, kisha ameitoa maana hiyo kwa umbo la lugha yake. Yule aliyesoma wa-to-to silabi kwa silabi bila kujua kwamba ni batoto wa kwao, ndiye ambaye hajasoma bado. Mwalimu asiyeona tofauti hiyo humwadhibu msomaji na kumsifu anayeimba silabi. Na mtoto aliyeadhibiwa kwa kuelewa ataacha kuelewa, hata kabla hajafika kwenye Kifaransa.

Hapo ndipo uzito wa jambo ulipo.

Ili kusema lolote la uhakika juu yake, tunahitaji kujua jinsi watoto wanavyosema kweli katika umri wa miaka sita na saba; jinsi vitabu vilivyoandikwa; jinsi mwalimu anavyosema darasani, kwa sababu naye ana Kiswahili chake na huchanganya na Kifaransa; makosa ya kusoma yanayotokea na aina zake; wazazi wanataka nini, na wengi wao, tusidanganyane, wanataka Kifaransa na mapema; na mwisho, matokeo baada ya miaka miwili au mitatu. Kila kimoja ni tasnifu nzima. Mtu akiamua kuvibeba vyote peke yake, atavigusa juu juu. Akichagua kimoja na kukichimba, atapata ukweli ambao hauna mwenzake wa kuungana nao. Anayefuata hajui rekodi za yule wa kwanza ziko wapi, kwa hiyo anaanza upya: anatafuta shule, anaomba ruhusa kwa mkurugenzi, anarekodi, anaandika. Rekodi za wa kwanza zilikuwa ndani ya simu, na simu iliibwa sokoni, au ilikufa tu kama simu zinavyokufa.

Si kwamba hatuna pa kuanzia. Kiswahili cha Lubumbashi kimeandikwa sana kuliko wengi wetu tunavyodhani. Edgar Polomé, aliyefundisha katika chuo kikuu cha hapa kilipoanza katika miaka ya 1950, alikichunguza mapema. Walter Schicho alifuata. Vincent de Rooij alitoa mwaka 1996 kitabu juu ya namna Kiswahili na Kifaransa vinavyopokezana katika mazungumzo ya watu wa Shaba. Johannes Fabian, ambaye naye alifundisha hapa, alieleza mwaka 1986 jinsi utawala wa Wabelgiji ulivyokichukua Kiswahili na kukifanya chombo chake. Na mwaka 2014 Aurélia Ferrari, Marcel Kalunga na Georges Mulumwa walitoa sarufi, matini na msamiati wa Kiswahili cha Lubumbashi katika kitabu kimoja. Watu watatu kwa kitabu kimoja. Nadhani hilo lenyewe ni somo: sarufi, matini na msamiati ni kazi tatu zinazohitaji mikono zaidi ya miwili. Kinachokosekana baada ya maelezo hayo yote ya lugha ni daraja la kuyafikisha darasani, yaani utafiti wa ufundishaji.

Neno jumuiya lisitupoteze. Kuna vyama vingi vya wanafunzi na vingi vina rais, makamu wa rais, mweka hazina, na mhuri. Jumuiya ya watafiti ni kitu kingine, na maelezo yake bora niliyoyapata hayatoki chuo kikuu. Yanatoka kwa mafundi wa nguo.

Katika miaka ya 1970 Jean Lave, mwanaanthropolojia kutoka Marekani, alikaa na mafundi cherehani wa Kivai na Kigola mjini Monrovia, Liberia, kuangalia jinsi wanagenzi wanavyojifunza. Mwaka 1991, pamoja na Etienne Wenger, aliandika kitabu ambacho leo kinatajwa kila mahali panaposemwa juu ya kujifunza kwa pamoja. Alichokiona Monrovia ni hiki. Nguo hutengenezwa kwa kukata kitambaa, kisha kushona vipande, kisha kumalizia: vifungo, pindo, pasi. Mwanagenzi hujifunza kwa kurudi nyuma. Anaanza na kumalizia: anatia vifungo, anapinda pindo. Baadaye anashona. Mkasi anaupata mwisho. Tena huanza na nguo za ndani na za watoto, na suti ya sherehe huja baada ya miaka.

Sababu zake ni mbili. Kwanza, kosa la kifungo hufumuliwa. Kitambaa kilichokatwa vibaya kimekwisha, na hasara ni ya bwana. Pili, na hii ndiyo inayonigusa, anayetia vifungo anaishika nguo iliyokamilika kila siku. Anajua suti nzuri inavyokaa mkononi muda mrefu kabla ya kuambiwa akate yake. Hata katika atelye za mitaa yetu ya Kenya na Kamalondo utaona kijana ameketi pembeni na sindano, na masikio yake yako kwa fundi anayebishana na mteja juu ya kipimo.

Sasa linganisha na sisi. Mwanafunzi wa doktora hupewa mkasi siku ya kwanza. Anaambiwa: tafuta mada, weka tatizo, jenga nadharia, leta mpango wa utafiti. Yaani akate. Hajawahi kuishika kazi ya mwingine ikiwa bado inashonwa. Ameona tasnifu zilizokwisha tu, zenye jalada gumu, maktabani, ambazo mishono yake haionekani tena. Anakaa peke yake na kitambaa. Miaka inapita. Wengine ni asistenti, wana saa za kufundisha, mitihani ya kusahihisha, na familia. Anapokutana na promota wake, ni kuleta sura nzima na kusubiri. Simlaumu promota, kwa maana naye ana wanafunzi wengi na hakuna aliyemwonyesha njia nyingine.

Tukifuata mafundi wa Monrovia, basi, kazi za doktora zingepangwa kwa kurudi nyuma, na hapa naingia katika namna ya kufanya.

Kifungo cha kwanza ni kuandika rekodi za mtu mwingine. Mwanafunzi wa memwari ya lisansi, au wa mastaa kwa mfumo mpya wa LMD, apewe dakika ishirini za darasa alilorekodi mtafiti wa doktora, aziandike neno kwa neno. Ni kazi ya kuchosha. Dakika moja ya darasa la watoto hamsini inaweza kula saa nzima. Lakini hakuna kazi inayofundisha zaidi, kwa sababu unapoandika ndipo unaposikia kwamba mwalimu aliuliza kwa Kiswahili, watoto wakajibu kwa Kiswahili, naye akarudia jibu lao kwa Kifaransa ubaoni. Yule mwenye rekodi anapata matini. Yule anayeandika anapata sikio. Na rekodi inakuwa imehifadhiwa mara mbili.

Ili hilo liwezekane, lazima rekodi ziwe mahali pamoja. Hapa watu huanza kuota juu ya seva na maabara. Kuanza, zinatosha diski mbili za kuhifadhia, moja katika ofisi ya idara na nyingine katika nyumba ya mtu mwaminifu, pamoja na daftari moja. Katika daftari kila rekodi ina namba, tarehe, shule, darasa, jina la aliyerekodi na jina la aliyeandika. Majina ya watoto hayaingii. Mtoto anakuwa M1, M2, M3, na wazazi wameombwa ruhusa kabla. Daftari ndilo muhimu kuliko diski. Umeme ukikatika wiki nzima daftari linasomeka, na mtu akitumia rekodi namba 14 katika makala yake, kila mmoja anajua ni ya nani.

Jambo la pili ni kikao cha kusoma. Nieleze kwa utaratibu, kwa sababu ni rahisi sana kukiharibu. Watu kumi hivi wanakutana mara moja kila baada ya wiki mbili, saa ile ile, siku ile ile, hata kama wamekuja wanne. Mmoja ametoa kurasa kumi, si sura nzima, na amezitoa siku tatu kabla, kwa karatasi kwa wasio na mega za kufungulia faili. Kurasa hizo ziwe mbichi. Kikaoni, mwandishi haongei kwa nusu saa ya kwanza. Wengine wanasema wameelewa nini, wamepotelea wapi, mfano upi haukubebi hoja. Anaandika tu. Baada ya hapo anaweza kuuliza.

Nusu saa hiyo ya kunyamaza ni ngumu kwetu kuliko kitu kingine. Tangu memwari ya kwanza tunafundishwa kutetea kazi. Siku yenyewe kubwa ya mwanafunzi huitwa siku ya kutetea. Mtu anayejitetea hasikii. Anatafuta jibu wakati mwenzake bado anasema. Kikao cha kusoma kinahitaji tabia iliyo kinyume, na tabia haipatikani kwa kutangazwa, inapatikana kwa kurudiwa kila wiki mbili.

Kuna pia swali la nani aseme kwanza. Ninapendekeza mdogo kabisa. Profesa akisema wa kwanza, kikao kimekwisha; wengine wote watakubali kwa maneno tofauti. Akisema wa mwisho, amewasikia wote, na neno lake linapata nguvu zaidi. Wazee wetu katika baraza walijua hivyo: mkuu huketi, husikiliza, na hufunga. Heshima haipungui.

Kwa wanaodhani haya ni mawazo ya kuagiza kutoka mbali, tukumbuke historia ya mahali hapa. Mwaka 1971 vyuo vikuu vya nchi viliunganishwa kuwa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zaire, UNAZA, na kitivo cha fasihi kikawekwa Lubumbashi. Walimu wa lugha waliokuwa Kinshasa wakaja huku. Mwaka huo huo kilianzishwa hapa kituo cha isimu nadharia na isimu tumizi, CELTA. Mwezi wa Mei 1974 wanaisimu wa nchi walikutana Lubumbashi katika semina yao ya kwanza ya taifa. Walizungumza juu ya tahajia ya lugha zetu na juu ya nafasi yake shuleni, yaani maswali yale yale tunayoyarudia leo. Sitaki kuupamba wakati ule. Watu walihamishwa kwa amri ya serikali, na si wote waliofurahi. Ila amri hiyo iliwaweka watu wa kazi moja katika mji mmoja, wakakutana katika korido zile zile, wakasoma kazi za wenzao. Mwaka 1981 UNAZA ilivunjwa, vyuo vya Kinshasa, Lubumbashi na Kisangani vikarudishiwa uhuru wake, watu wakatawanyika. Kutoka hapa hadi Kinshasa ni zaidi ya kilomita 1500 kwa ndege, na kwa barabara afadhali nisiseme. Leo hatuwezi kungoja amri nyingine ya kutukusanya. Tunaweza kuwa na mikusanyiko midogo katika kila mji, hapa, Kisangani, Bukavu ambako walimu wa chuo cha ualimu wana desturi ndefu ya kuchapisha utafiti wao, na kubadilishana daftari.

Sasa suala la lugha ya kikao. Tasnifu nyingi juu ya Kiswahili chetu zimeandikwa kwa Kifaransa, na maelezo juu ya darasa la kwanza la Katuba hayasomwi na mwalimu wa Katuba. Sisemi tuache Kifaransa. Kinatufikisha kwa wenzetu wa Kameruni na Senegali, na bila hicho nisingesoma nusu ya vitabu nilivyovitaja. Lakini jumuiya ya watafiti wa ufundishaji wa Kiswahili isiyoweza kubishana kwa Kiswahili ina kasoro ya msingi. Kule Dar es Salaam, katika Taasisi ya Taaluma za Kiswahili iliyoundwa mwaka 2009 kwa kuunganisha TUKI na Idara ya Kiswahili, watu huandika tasnifu ya udaktari kwa Kiswahili na kuitetea kwa Kiswahili. Wana majarida, kama Mulika, na wana istilahi zilizotumika hadi zikazoeleka: fonimu, mofimu, isimujamii, ngeli, kiambishi. Hizo ni zetu pia, tuzitumie. Tangu nchi yetu iingie katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, mlango wa kuwa na promota wawili, mmoja hapa na mmoja kule, umekuwa mpana zaidi kidogo.

Nina wasiwasi mmoja juu ya mlango huo, nao niuseme. Tukienda Dar es Salaam au Nairobi tukiwa na haya, tukichukua “batoto banaenda” kama kosa la kusahihishwa kabla ya kubisha hodi, tutakuwa tumeacha swali letu nyumbani. Sisi hatuendi kuomba Kiswahili. Tunakwenda na jambo ambalo wao pia wanalo katika sura nyingine, kwa maana mtoto wa Sumbawanga au wa Kisumu naye hafiki shuleni na lugha ya kitabu mdomoni. Kikao chetu kiendeshwe katika Kiswahili cha aina zote mbili. Asiyeweza kusema sanifu aseme kama mama yake, na anayeandika dondoo aandike kilichosemwa.

Kuna kundi ambalo hadi sasa nimelitaja kama kitu cha kurekodiwa tu, nalo ni walimu wa shule za msingi. Mifano miwili ya Afrika inaonyesha kwa nini wasibaki hivyo. Mwaka 1970, chini ya Babatunde Fafunwa, Chuo Kikuu cha Ife huko Nigeria kilianza mradi wa kufundisha miaka yote sita ya shule ya msingi kwa Kiyoruba, na Kiingereza kikafundishwa kama somo. Chuo hakikuishia kupima watoto. Kilitunga vitabu, kikatunga istilahi za hesabu na sayansi, na kazi hiyo haikuwezekana bila walimu kusema ni neno gani linashika na ni lipi linawaacha watoto wanakodoa macho. Huko Kameruni, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970, Maurice Tadadjeu na wenzake wa Yaoundé waliendesha mradi wa PROPELCA, wa kufundisha lugha za nchi shuleni. Waliwafunza walimu misingi ya isimu, wakafanya kazi pamoja na kamati za lugha za watu wenyewe, ambazo baadaye ziliungana katika chama cha taifa. Miradi yote miwili ilikuwa na matatizo, hasa ya kuenea nje ya shule za majaribio. Lakini kila mmoja ulizaa kizazi cha watu waliojua lugha na darasa kwa pamoja, na watu wa namna hiyo ni adimu kwetu: anayejua fonolojia hajasimama mbele ya watoto hamsini, na aliyesimama mbele yao miaka ishirini hajawahi kuulizwa.

Kwa hiyo kati ya watu kumi wa kikao, wawili wawe walimu wa darasa la kwanza na la pili. Si kama wageni wa heshima. Wawe na kurasa zao siku tatu kabla kama wengine, na nauli yao ilipwe, kwa sababu mshahara wa mwalimu tunaujua sote. Kama tunaweza kuchanga kwa ajili ya sherehe ya mtu aliyetetea, soda, kuku na kitambaa cha sare, tunaweza kuchanga nauli ya walimu wawili. Na kurasa zitakapowashinda kusoma, tujue kwamba tatizo ni la kurasa.

Kipingamizi kinachotajwa kila mara ninapozungumza juu ya haya si fedha. Ni hofu ya kuibiwa. “Nikitoa kurasa zangu mbichi, mwenzangu ataandika kabla yangu.” Hofu hii si ya kipuuzi, kila kitivo kina visa vyake. Ila tuangalie mwizi anafanya kazi wapi. Anafanya kazi mahali ambapo ni watu wawili tu wanaojua kazi ni ya nani. Kurasa zilizosomwa na watu kumi, zikaandikwa tarehe katika daftari, haziibiki kwa urahisi, maana mashahidi ni tisa. Anayeficha kazi yake kwenye mfuko wa simu miaka sita ndiye aliye uchi. Hata hivyo daftari lazima liwe na sheria iliyoandikwa na kusainiwa: anayetumia rekodi hutaja namba na jina, aliyeandika zaidi ya nusu ya matini ya makala anakuwa mwandishi mwenza, mwanafunzi wa memwari si mtumishi. Hii ya mwisho niliiandika nikijifikiria mwenyewe na wenzangu wa promosheni, sifichi. Vifungo ni vya kujifunzia. Mwanagenzi anayetia vifungo miaka mitano bila kuonyeshwa kushona amefanywa kibarua.

Kipingamizi kingine ni cha mapromota: je, mwanafunzi akishauriwa na watu tisa, tasnifu ni ya nani na nani anaiongoza? Jibu langu ni kwamba kikao hakiamui. Kinasoma. Mwandishi anarudi kwa promota wake na maswali bora kuliko aliyokuwa nayo, na promota anapata sura ambayo makosa yake madogo yameshaondoka. Wale wachache watakaoona kikao kama baraza la kuwasengenya, waalikwe waje wasikilize, na waseme wa mwisho.

Kabla ya rekodi ya kwanza kuingia katika daftari, kuna jambo la kupatana, nalo ni la kiisimu kabisa: tunaandikaje tunachosikia? Mimi napendekeza mutoto na mukubwa viandikwe na u yake kila inaposikika, ku iandikwe mbali na nomino, na ba- isigeuzwe kamwe kuwa wa-. Maneno ya Kifaransa yaliyokwisha kulainika mdomoni, kama dikte na kaye, yaandikwe kwa Kiswahili. Yale ambayo mwalimu anayatamka kwa makusudi kama Kifaransa yabaki na tahajia yake, yakipigiwa mstari. Mpaka kati ya aina hizo mbili sina kanuni yake, na katika darasa moja neno lile lile linaweza kuvuka mpaka mara tatu. Anayeona njia nyingine aje na mifano yake, na iwe ya watoto, si ya kitabu.